Asilimia Sitini na Mbili

Kila tarehe ishirini na tano naandika ripoti.
Fomu ina visanduku: msingi, kuta, paa, umeme, maji,
na cha mwisho, kidogo kuliko vyote: maoni.
Mwezi uliopita niliandika asilimia sitini na mbili.
Na mwezi wa kabla yake.
Na ule wa kabla.

Bwana Mipango kapiga simu kutoka Unguja:
"Wewe Salhina, jengo limelala?"
Nikamwambia halijalala, bwana.
Limechuchumaa.

Njoo Wete uone.
Dahalia ya wanawake ina ghorofa mbili na ngazi ya kwendea ya tatu.
Ngazi inapanda vizuri, vipandio kumi na saba,
kisha inakoma hewani
mithili ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Jioni wanafunzi hupanda hadi kipandio cha kumi na nne,
maana hapo ndipo simu inaposhika.
Raya wa mwaka wa pili humsomea mamake matokeo kutoka pale,
kwa sauti, somo baada ya somo,
nasi huku chini tunazijua alama zake zote.
Takwimu imemtia aibu. Tulinyamaza naye.
Siku ngazi itakapokamilika
sijui mtandao utahamia wapi.

Saruji ilikwama Tanga siku ishirini na moja.
Ilipofika, vuli ilikuwa imeitangulia gatini.
Mifuko arobaini ikageuka mawe,
mawe yenye umbo la mfuko, na mshono, na jina la kiwanda.
Makame mlinzi akaipanga moja moja
ikawa njia ya kuvukia dimbwi mbele ya ofisi ya mhasibu.
Katika mradi mzima hiyo ndiyo kazi iliyokamilika.
Haimo kwenye fomu.

Halafu msimu ukaingia.
Karafuu haisomi mkataba.
Asubuhi moja nikahesabu vibarua: watano.
Jana yake walikuwa thelathini na wanane.
Fundi Asaa mwenyewe kaiacha timazi ikining'inia ukutani,
kaenda kwao Mtambwe
kuparamia mikarafuu ya mjombake.

Na ule ukumbi wa mihadhara, usio na paa,
sakafu yake mpya, pana, inayoota jua tangu saa moja,
Bi Mize na wenziwe waliuona kabla ya mhadhiri yeyote.
Wakatandika majamvi. Wakaanika.
Wiki nzima ukumbi ukawa wa kijani na wekundu,
kisha hudhurungi, kuanzia pembeni.
Mkuu wa kampasi akaja na barua ya katazo mkononi.
Akasimama mlangoni, pasipo na mlango.
Akavuta pumzi.
Akauliza kilo inakwenda shilingi ngapi.

Upande wa pili wanakarabati maktaba.
Vitabu tumevihamishia jiko la zamani,
fizikia imo ndani ya sinki, kavu, namshukuru Mungu.
Jengo lile lilikuwa ghala, wanasema.
Walipobandua, chini ya bluu palikuwa na kijani,
chini ya kijani, chokaa,
na chini ya chokaa ukuta ukatoa harufu
ile ile ya kule ukumbini.
Ngwali, kijana wa rangi, akaweka pua juu ya jiwe:
"Hizi hazijakauka bado," akasema,
na brashi yake akairudisha ndooni hadi kesho.

Juzi Asaa karudi, vidole vyeusi.
Hakuomba radhi. Aliishika timazi, akafumba jicho moja.
"Ukuta haujasogea,"
akasema, kama anayemsifu mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani.

Jana alasiri bomba la dahalia likakohoa.
Likatema kutu. Likatema upepo.
Likanyamaza kiasi cha kutukatisha tamaa,
kisha maji.
Raya akanawa uso. Bi Mize akanawa mikono,
na beseni zima likanukia karafuu.

Leo tarehe ishirini na tano.
Nimeandika sitini na tatu.
Kwenye maoni nimeandika: bomba.